Asilimia 80 ya nini? Jinsi madaktari wanavyokadiria matokeo ya oparesheni ya mawe kwenye figo

Mtu akishaambiwa ana jiwe kwenye figo na linatakiwa kutolewa kwa oparesheni, swali lake la kwanza karibu siku zote ni je, litaisha lote? Daktari akijibu "uwezekano ni kama asilimia 80" hapo ndo mkanganyiko unapoanzia, maana wengi wanasikia kwamba asilimia 80 ya jiwe itatoka na 20 itabaki ndani. Sio hivyo kabisa. Maana yake ni kwamba wakichukuliwa watu 100 wenye mawe yanayofanana na la kwako, wakafanyiwa oparesheni ile ile, 80 kati yao watatoka wakiwa hawana jiwe na 20 watabaki na kitu ndani, na hicho kitu kinaweza kuwa kipande kidogo tu au nusu ya jiwe zima, ile namba yenyewe haisemi. Wewe utaangukia kundi lipi hakuna anayejua mpaka kazi iishe.

Sasa hiyo namba inatoka wapi, nani kaihesabu, inaaminika kiasi gani, ndo nataka tuichambue hapa taratibu, kwa sababu naona watu wanasaini fomu ya kukubali oparesheni wakiwa na picha kichwani ambayo hata daktari mwenyewe hakukusudia kuwapa.

Kwanza ijulikane kwamba "oparesheni ya mawe" sio kitu kimoja. Kuna kuvunja jiwe kwa mawimbi ya mshtuko yanayotoka nje ya mwili bila kukata popote, njia iliyotumika kwa binadamu mara ya kwanza Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Kuna kupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo mpaka ndani ya figo alafu jiwe linapigwa leza. Na kuna kutoboa mgongoni tundu dogo linaloingia moja kwa moja kwenye figo, jiwe linavunjwa na kutolewa vipande vipande, hii ilielezwa na Fernström na Johansson wa Sweden mwaka 1976. Kila njia ina makadirio yake, kwaiyo ukisikia mtu kapona vizuri kwa leza usiichukue ile namba yake ukaipeleka kwenye oparesheni yako ya kutobolewa mgongoni, hazihusiani. Kwa ujumla jiwe la kwenye figo likizidi milimita 20 miongozo ya kitabibu inaelekeza kutoboa mgongoni kama chaguo la kwanza, kwa sababu zile njia nyingine mbili zikikutana na jiwe kubwa mara nyingi zinaishia kurudiwa rudiwa.

Makadirio yote yanaanzia kwenye picha ya CT skani. Daktari wa njia ya mkojo anapoitazama hatazami ukubwa peke yake, japo ukubwa ndo kitu cha kwanza. Anatazama jiwe limekaa chumba gani cha figo, maana figo ina vyumba vidogo vidogo vinavyomwaga mkojo kwenye bwawa la katikati, na jiwe lililokaa vyumba vya chini ni la shida kwa sababu hata ukilivunja vizuri vile vipande inabidi vikwee juu ndo vitoke. Kuna hadi pembe inayopimwa hapo, ile kati ya shingo ya chumba cha chini na bwawa la figo, ikiwa kali sana kamera inashindwa kujikunja vya kutosha kulifikia jiwe na vipande navyo havitoki kirahisi. Anatazama pia mawe ni mangapi na yametawanyika vyumba vingapi, figo imevimba kwa kuziba au haijavimba, umbali kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye jiwe, na ugumu wa jiwe lenyewe.

Huo ugumu unakadiriwa kwa vipimo vya Hounsfield, jina la Mwingereza Godfrey Hounsfield aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kazi ya kuanzisha CT. Maji yanasoma 0, hewa inasoma -1000, na mawe yanapanda kutokea hapo, yale ya asidi ya yuriki kwa kawaida yanasoma chini ya 500 na mawe magumu ya kalsiamu yanapita 1000. Kwa anayevunjiwa jiwe kwa mawimbi hii namba ni muhimu mno, jiwe likiwa gumu sana linaweza kupigwa mawimbi maelfu na lisipasuke, na mimi naona ni makosa mtu kupelekwa kwenye mashine ya mawimbi wakati CT ipo na hakuna aliyeisoma hiyo namba.

Sasa kutazama tu kulikuwa hakutoshi, maana daktari mmoja anasema "hili jepesi" mwingine anasema "hili gumu" na wote wanaangalia picha ile ile. Ndo zikaja skoa, yaani alama zinazotolewa kwa kufuata vigezo vilivyopangwa. Mwaka 2011 madaktari wa hospitali ya Guy's, London, walitoa skoa yao yenye madaraja manne kwa ajili ya oparesheni ya kutoboa mgongoni. Daraja la kwanza ni jiwe moja, figo ya kawaida, sehemu rahisi kufikika. La pili ni kama mawe kadhaa kwenye figo ya kawaida, au jiwe moja lililo chumba cha juu, au jiwe moja kwenye figo yenye umbile tofauti. La tatu linapanda ugumu, mfano mawe mengi kwenye figo yenye umbile tofauti, au jiwe lililoanza kuota matawi kufuata vyumba vya figo. La nne ni lile jiwe la matawi lililojaza figo nzima, na pia wagonjwa wenye mgongo wazi au majeraha ya uti wa mgongo wanaingia humo hata jiwe likiwa la kawaida. Walipowafuatilia wagonjwa wao, waliobaki bila jiwe walikuwa asilimia 81 daraja la kwanza, 72.4 la pili, 35 la tatu na 29 la nne.

Ukiangalia hizo namba unaona mara moja pale katikati zinavyoporomoka, kutoka 72 mpaka 35, na hiyo ina maana kubwa kwa mgonjwa. Mtu wa daraja la tatu au la nne anatakiwa ajue kabla kabisa kwamba huenda akaingia chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja, na kwamba kurudi mara ya pili sio dalili kwamba daktari kaharibu. Lakini pia uzisome kwa uangalifu, zile asilimia zilitoka kwenye oparesheni 100 zilizofanywa au kusimamiwa na daktari mmoja. Ukiwagawa watu 100 kwenye madaraja manne kila daraja linabaki na watu wachache, kwaiyo ile 29 sio sheria ya maumbile, ni kile kilichotokea kwa watu wale pale hospitalini kwao. Mpangilio wa madaraja umekuja kuthibitishwa sehemu nyingi, yaani ugumu unavyopanda mafanikio yanashuka, ila asilimia zenyewe zinacheza kutoka hospitali moja mpaka nyingine.

Mwaka 2013 ikaja skoa nyingine inayoitwa S.T.O.N.E., hii inajumlisha pointi za vitu vitano kutoka kwenye CT. Tuichukue na mfano wa kubuni ili ieleweke. Jiwe lina urefu wa milimita 30 na upana 20, ukizidisha unapata 600, hapo ni pointi 2 kwa sababu chini ya 400 ni pointi 1, 400 mpaka 799 ni 2, kutoka 800 ni 3 na kuanzia 1600 ni 4. Umbali kutoka ngozi mpaka kwenye jiwe ni milimita 90, haujazidi 100, pointi 1. Figo imevimba kidogo tu, pointi 1. Jiwe limegusa chumba kimoja, pointi 1. Ugumu wake ni 1200, umepita 950, pointi 2. Jumla 7. Skoa inaanzia 5 na mwisho wake ni 13, kwaiyo huyu yuko upande mwepesi, na ukitaka kujua nini kinamvuta juu unaona ni ukubwa na ugumu wa jiwe, sio umbile la figo. Hiki ndo kitu ninachokipenda kwenye hizi skoa, sio namba ya mwisho, ni kule kulazimika kutaja sababu moja moja.

Njia nyingine nazo zina zao. Kwa wanaofanyiwa kwa kamera na leza ipo skoa ya madaktari Resorlu na Unsal ya mwaka 2012 inayotazama vitu vinne tu: jiwe kuzidi milimita 20, jiwe la chini lenye pembe chini ya digrii 45, mawe kwenye chumba zaidi ya kimoja, na figo yenye umbile lisilo la kawaida. Kwa mawimbi ipo inayotazama ujazo wa jiwe, ugumu na umbali wa ngozi. Ndo hayo hayo yanazunguka, na hilo peke yake linakwambia vitu vinavyoamua ni vichache kuliko unavyodhani.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo kwangu ndo kiini cha mambo yote. "Bila jiwe" inapimwaje? Hospitali moja inasema mgonjwa hana jiwe kama hakuna kipande chochote, sifuri. Nyingine inasema vipande vya chini ya milimita 2 havihesabiwi. Nyingine inaweka mpaka kwenye milimita 4. Alafu kuna kipimo kinachotumika kuangalia, kwa sababu CT inaona vipande ambavyo eksirei ya kawaida na ultrasaundi zinavipita bila kuviona, mawe ya asidi ya yuriki ndo kabisa hayaonekani kwenye eksirei. Na kuna muda, ukipima kesho yake asubuhi unakuta vipande vingi, ukipima baada ya miezi mitatu vingine vimeshatoka vyenyewe na mkojo. Wagonjwa wale wale, oparesheni ile ile, daktari yule yule, unaweza kupata asilimia mbili zilizo mbali sana kwa kubadilisha tu vitu hivi vitatu. Matokeo yake hospitali inayopima kwa CT na kuhesabu kila punje itaonekana ina mafanikio madogo kuliko inayopiga eksirei moja na kusema safi, wakati ya kwanza ndo inayomwambia mgonjwa ukweli wake. Kwaiyo unapoambiwa asilimia, uliza ni kwa kipimo gani, baada ya muda gani, na kipande cha ukubwa gani kinahesabiwa kuwa kimebaki. Daktari anayefuatilia wagonjwa wake hawezi kukasirika kwa hilo swali.

Na hivi vipande vinavyobaki vina uzito tofauti. Kufuatilia wagonjwa kumeonyesha vile vinavyozidi milimita 4 ndo vyenye tabia zaidi ya kukua, kuziba njia na kumrudisha mtu hospitali. Vidogo zaidi ya hapo vinaweza kukaa kimya ila navyo sio vya kusahauliwa, hasa kama jiwe lenyewe lilitokana na maambukizi, maana bakteria wanaishi ndani ya jiwe na kipande kilichobaki kinabaki nao.

Kitu ambacho skoa nyingi zimekiacha nje ni mikono ya anayefanya. Nomogramu, yaani chati ya kukokotoa uwezekano, iliyotolewa mwaka 2013 na CROES, kitengo cha utafiti cha madaktari wa njia ya mkojo, ilijaribu kukiweka, pamoja na ukubwa wa jiwe, sehemu lilipo, idadi, kama lina matawi na kama mgonjwa alishatibiwa kabla, iliingiza pia idadi ya oparesheni za aina hiyo zinazofanyika hospitalini hapo kwa mwaka. Ilitokana na utafiti mkubwa wa kimataifa uliokusanya wagonjwa 5,803 kutoka vituo 96, na kwa ujumla wao waliobaki bila jiwe walikuwa asilimia 75.7. Naona wako sahihi kabisa kuiweka. Kutoboa figo ukiwa unaongozwa na eksirei au ultrasaundi ni ujuzi unaotaka kurudiwa mara nyingi, na jiwe la daraja la pili kwa mtu anayefanya chache sana kwa mwaka sio sawa na jiwe hilo hilo kwa mtu anayefanya kila wiki.

Mpaka hapa tumezungumzia jiwe kuisha tu. Lakini mgonjwa ana swali la pili ambalo mara nyingi halisemi kwa sauti, je nitapata madhara? Hili ni kadirio tofauti kabisa, skoa za mawe hazikutengenezwa kwa ajili yake na tafiti zilizojaribu kuzitumia hivyo zimetoa majibu yanayopingana. Kwenye utafiti ule ule wa CROES waliopata homa baada ya kutobolewa mgongoni walikuwa asilimia 10.5, waliotokwa damu nyingi 7.8 na waliohitaji kuongezewa damu 5.7. Damu inatisha kwa sababu inaonekana, ila mimi kinachoniumiza zaidi ni maambukizi kuingia kwenye damu, kwa sababu yanakuja ghafla masaa machache baada ya oparesheni, yanaua, na sehemu kubwa ya hatari yake inaweza kuonekana mapema kama watu wakiitafuta.

Wanaoangaliwa kwa jicho la karibu ni wanawake, wenye kisukari, wenye jiwe la matawi, wenye kibofu kisichofanya kazi vizuri kwa sababu ya mishipa ya fahamu, waliokaa muda mrefu na mrija wa stenti (unaowekwa kwenye njia ya mkojo ili isizibe), na yeyote ambaye mkojo wake ukioteshwa maabara unatoa bakteria. Hapo kwenye mkojo kuna mtego. Mkojo unaopimwa unatoka kwenye kibofu, lakini jiwe likiwa limeziba, mkojo ulioko nyuma yake ndani ya figo ni mwingine kabisa, unaweza kuwa na bakteria wakati wa kibofu umetoka safi. Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kuotesha jiwe lenyewe na mkojo wa ndani ya figo kunatabiri hiyo hatari vizuri kuliko mkojo wa kibofu, shida ni kwamba hivyo viwili vinapatikana wakati oparesheni imeshaanza na majibu yanakuja baadae. Bado vina faida, maana mgonjwa akianza homa siku inayofuata daktari anakuwa na jibu la bakteria gani na dawa gani badala ya kubahatisha. Na wakati wa kutoboa ukikutwa usaha ndani ya figo, kinachofanyika ni kuweka mrija wa kutoa ule uchafu na kusimamisha kazi, jiwe litafuatwa siku nyingine. Mgonjwa anaamka anaambiwa jiwe bado lipo, anavunjika moyo, ndugu wanasema kaenda bure, wakati ule uamuzi ndo umemwokoa. Ingefaa waambiwe kabla kwamba hilo linaweza kutokea.

Muda nao unaingia kwenye hesabu. Wakati wa kuvunja jiwe maji yanasukumwa ndani ya figo ili daktari aone, presha ikipanda na kazi ikichukua muda mrefu yale maji yanawasukuma bakteria na sumu zao kwenye mishipa ya damu. Ndo maana kwa jiwe kubwa daktari mwangalifu anaweza kuamua kuacha sehemu na kurudi, yaani anapunguza makusudi asilimia ya kumaliza jiwe ili apunguze ile ya maambukizi. Namba hizi mbili zinavutana, na anayekuonyesha moja tu kakupa nusu ya habari.

Sikuhizi kuna programu za kompyuta zinazojifunza kutoka kwenye data za wagonjwa wa zamani na kutoa kadirio, na utasikia zinasifiwa sana. Kabla hujashangilia jua zinapimwaje. Chukua mgonjwa mmoja aliyeishiwa jiwe na mwingine aliyebaki nalo, alafu angalia kama ile programu ilimpa yule wa kwanza nafasi kubwa zaidi. Ikibahatisha tu itapatia jozi 50 kati ya 100. Nomogramu ya CROES ilipata kama 76, ni nzuri lakini bado jozi 24 inazigeuza. Kuna pia jambo la pili, ikisema asilimia 80 kwa watu mia je kweli 80 wanafanikiwa, au ni 65? Programu inaweza kupanga watu vizuri sana na bado ikawa inawapa wote matumaini makubwa kuliko hali halisi. Na jihadhari na neno "usahihi" likiwa peke yake: kama hospitali watu 90 kati ya 100 wanafanikiwa, programu inayosema "atafanikiwa" kwa kila anayeingia ina usahihi wa asilimia 90 na haina msada wowote, maana wale 10 tuliokuwa tunawatafuta imewapita wote. Zaidi ya hapo iliyofundishwa kwa wagonjwa wa hospitali moja inaweza kuyumba ikihamishwa nyingine yenye mashine tofauti na mawe ya aina tofauti, kwaiyo swali ni kama imejaribiwa nje ya pale ilipozaliwa.

Alafu kuna kadirio la tatu ambalo watu wanalisahau kabisa, je jiwe litarudi? Oparesheni inatoa jiwe, haigusi sababu iliyolitengeneza, na bila kinga yoyote karibu nusu ya watu wanapata jingine ndani ya miaka 10. Mwaka 2014 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa kikokotoo kinachoitwa ROKS kwa waliopata jiwe mara ya kwanza, kinatazama vitu kama umri, historia ya familia na aina ya jiwe. Kwa hiyo kile kipande kilichotolewa kisitupwe, kipelekwe maabara kijulikane ni kalsiamu oksaleti, asidi ya yuriki, struvaiti (jiwe la maambukizi) au sistini, kwa sababu kinga ya jiwe la yuriki, ambalo linaweza hata kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza asidi ya mkojo, ni tofauti kabisa na ya jiwe la maambukizi au la sistini ambalo linakwenda na familia. Majibu hayo na tarehe ya ile CT ya kuangalia mabaki vinatakiwa viwe vimeandikwa kwenye karatasi yako siku unayoruhusiwa kutoka wodini, na kama havipo waulize kabla hujaondoka.